Kimya cha Kaka Baada ya Hasira

Pale Mabatini, mjini Mwanza, watu walimwogopa kaka yangu, na hawakuficha. Akiingia kilabuni mabishano yakiwa yameanza, waliokaa karibu na mlango walikumbuka shughuli zao nyumbani. Alikuwa fundi wa magari, mrefu, mwenye grisi kwenye mikunjo ya vidole hata siku ya Jumapili, na kwa kawaida hakuwa msemaji. Lakini hasira yake ilikuwa haipigi hodi. Neno moja la dharau, au mtu aliyemkanyaga kwenye foleni ya sukari halafu akacheka, ilitosha. Shingo ilivimba, macho yakabadilika, na chochote kilichokuwa karibu na mkono wake kiliruka. Radio yake mwenyewe, aliyoipenda kuliko nguo zake, aliibamiza kwenye jabali nyuma ya nyumba kwa sababu jirani alimwambia apunguze sauti.

Nilihamia kwake nilipopata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Mkewe alikuwa ameshaondoka. Siku moja nilikutana naye sokoni akaniambia kwamba kaka hakuwahi kumpiga. "Nilichoka kuingoja siku atakayonipiga," alisema, akaendelea kuchagua nyanya. Nilimwelewa baada ya kukaa kwenye nyumba ile majuma machache. Kila nikisikia hatua zake kwenye kokoto nilikuwa naangalia chumba haraka, kuona kama kuna kitu kimekaa vibaya, kitu kitakachomwudhi.

Baadaye niligundua kwamba majirani walikuwa wanaogopa nusu tu ya jambo. Wao walishuhudia kelele, wakafunga milango yao. Mimi nilibaki ndani na kilichofuata. Hasira ikishamtoka, kaka alikuwa anazima kama jiko lililomwagiwa maji. Alikwenda kukaa juu ya lile jabali, mikono imelegea mapajani, na hakula, hakuoga, hakujibu salamu. Ungempelekea chai ikapoa, majani yakaingia. Mara moja nilipomfuata kuchukua kikombe alisema, bila kunitazama, "Mimi mngenisahau tu mngepumzika." Nilicheka kidogo, kama mtu anavyocheka akisikia jambo asilotaka kulisikia, nikarudi ndani. Nilikiosha kikombe kile mara mbili, na sikuelewa kwa nini, maana mtu mwenyewe alikuwa ametulia.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa nesi, mama wa Kihaya aliyetoka Bukoba, Mlutheri, mwenye kanga zilizopigwa pasi. Wote tulimwita mama nesi. Nilimweleza tukiwa kwenye foleni ya bomba, kwa sauti ya chini, nikitegemea aniambie ni mambo ya wanaume. Aliweka ndoo chini.

"Hasira ziko namna namna," alisema. "Kuna mtu anapiga kwa sababu amewaka. Kuna mwingine anapiga kwa sababu amekaa akafikiri, akaona kupiga kutamletea anachotaka. Huyo wa pili anawaumiza wengine, halafu analala usingizi mzuri. Huyo wa kwanza ndiye namwona wodini, ameletwa na ndugu zake, amejidhuru mwenyewe. Si wote. Lakini akianza kuongea hivyo, usicheke."

"Sasa nifanye nini?"

"Muulize. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kufa. Watu wanadhani ukilitaja utampa wazo. Wazo analo tayari, anakaa nalo peke yake."

Nilisema ndiyo, mama, nitamwuliza. Sikumwuliza. Nilimwogopa.

Mtu wa namna ile ya pili nilimjua tangu utotoni. Alikuwa baba yetu mdogo. Kwetu ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Ukitoka mjini unashika basi mpaka Kigongo, halafu unavuka kwa pantoni hadi Busisi. Huko baba mdogo alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Nilipokuwa msichana mdogo ndama waliniponyoka wakaingia kwenye mihogo yake. Aliniambia, akitabasamu, kwamba atanichapa, kisha akaacha siku zipite mpaka nikasahau. Alinisubiri mpaka siku alipokuja mgeni, ndipo akaniita, akanituma nilete fimbo mwenyewe, akanichapa huku akiendelea na mazungumzo. Alikuwa anachapa kama mtu anayepalilia. Wake zake aliwafanyia vivyo hivyo, na vijana wa ukoo, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mara alipata alichokitaka. Watu walisema, yule ni mtu mpole, ana subira.

Mwaka watu walipohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, familia yetu nayo ilitolewa kwenye maboma yake na kupewa viwanja vilivyopangwa mstari kando ya barabara. Baba alikuwa mgonjwa wa kifua. Alijenga kibanda cha nyasi, akatuma salamu kwa kaka aje kumsaidia kuezeka kabla ya mvua. Kaka aliomba ruhusa kazini, ikachelewa, na ilipopatikana mvua ilikuwa imeshatangulia. Alifika baba akiwa ameshazikwa. Siku ile hakuvunja kitu. Alisimama kwenye udongo uliolowa kando ya kaburi mpaka shemeji zetu wakamshika mkono kumwondoa. Kuanzia hapo, naweza kusema, hasira zake zilizidi, na kimya chake kilirefuka.

Baada ya mavuno mama alikuja kukaa nasi mjini. Alikuja na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maumivu ya miguu, na nyumba ikabadilika. Kaka alikuwa mtulivu mbele yake. Alimtengenezea kigoda chenye mgongo ili asiinamie jiko, na jioni alikaa karibu naye wakizungumza Kisukuma kwa sauti ya chini, akimwita mayu kama alipokuwa mdogo. Nilianza kuacha kuangalia chumba kila nikisikia kokoto.

Ndipo baba mdogo akavuka pantoni kuja kumchukua mama. Ilikuwa Jumapili mchana. Shamba la pamba la mama lilikuwa limehesabiwa chini ya boma la baba mdogo, na mkono wa kulilima ulikuwa unahitajika. Hakusema hivyo. Alisema mjane anakaa na ukoo. Alikuwa amekuja na wazee wawili wa kwetu waliokuwa wakiishi mjini, akawaketisha vizuri kama mashahidi. Nilipiga goti nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole wake wote, akauliza habari za kiwandani.

Kaka alisema, "Baba mdogo, mama hana miguu ya shamba. Atakaa hapa."

"Sawa, mwanangu. Nani atamtunza?"

"Mimi."

Baba mdogo alitikisa kichwa taratibu. Nilimwona anawatazama wale wazee kwanza, mmoja baada ya mwingine, kuhakikisha wanasikiliza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "Baba yako naye alikuwa anasema hivyo. Mwanangu atakuja. Alikuwa anaangalia barabara, mvua inamnyeshea. Mpaka alipokata roho alikuwa anaangalia barabara."

Nililiona neno lile likimwingia kaka. Na nilimwona baba mdogo akirudi nyuma kidogo kwenye kiti, kama mtu aliyewasha baruti na kusogea. Kaka alikinyakua kile kigoda cha mama na kukirusha. Baba mdogo alikuwa tayari, aliinama. Mama alikuwa anainuka nyuma yake, anataka kusema kitu, mikono ameinyoosha mbele. Kigoda kilimpata kwenye mkono. Nilisikia mfupa.

Mama alikaa chini, ameushika mkono, akimtazama kaka, na macho yake hayakuwa na lawama hata kidogo. Nadhani hilo ndilo lililomwua kaka. Akambeba mgongoni, akateremka naye kati ya mawe hadi barabarani, na kutoka pale tukampeleka hospitali ya mlimani. Njia nzima kaka alikuwa anasema, "Samahani, mayu, samahani," mpaka neno likaacha kuwa neno. Nyumbani, nilikuja kuambiwa, baba mdogo alikuwa anamalizia chai yake. Aliwaambia wale wazee, "Mmeona wenyewe." Kesho yake akavuka kurudi.

Mama alifungwa plasta akalazwa. Kaka akaenda kazini, akarudi, akakaa juu ya jabali. Pale mtaani kulikuwa na habari moja tu: jamaa atamwua baba yake mdogo. Wale wazee walikuja kuniambia nifiche panga, nikalificha chini ya gunia la mkaa. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alipita akauliza kama kaka anasema lolote kuhusu kwenda kijijini. Nilijibu kwamba hasemi lolote. Wao walisikia jibu hilo wakapumua kidogo. Mimi liliniongezea hofu. Nilikuwa namjua kaka mwenye hasira, na huyu hakuwa na hasira. Alikuwa ameanza kuongea nami vizuri mno. Aliniambia nichukue koti lake la mvua, kwamba zamu za kiwandani zinanipata na baridi. Nilipolikataa alilitundika kwenye msumari wa upande wangu.

Asubuhi moja nilikuwa na zamu ya mchana, nikampelekea chakula gereji. Mwenye gereji alikuwa Mhindi wa pale pale Mwanza, aliyezaliwa mjini kama baba yake, mtu wa haraka haraka asiyependa wageni mbele ya kazi. Siku hiyo aliponiona aliacha gari alilokuwa analizungumzia na mteja, akaja kunilaki.

"Dada, kaka yako amekuja mapema, amesafisha spana zake zote, amezipanga mezani. Amesema wagawie wenzangu. Mimi nikamwuliza unaacha kazi? Akanipa mkono, akasema asante kwa miaka yote." Alijifuta uso. "Hakuwa na hasira, dada. Mimi nimeshamzoea akiwa na hasira. Leo hakuwa na hasira, na nimeogopa."

Wakati huo huo mmoja wa mafundi akasema amemwona kaka stendi, akipanda basi la Kigongo. Basi watu wakaanza kuzungumza kwa pamoja. Anavuka. Anakwenda kumwua mzee. Kuna aliyesema polisi wapigiwe simu, wamngojee Busisi kwenye pantoni. Mjumbe alitafutwa. Katikati ya zogo lile nilielewa jambo moja waziwazi, na ndilo lililonitisha kuliko yote: mtu anayekwenda kupigana hagawi spana zake. Hakuwa anakwenda ng'ambo. Alikuwa anakwenda ziwani.

Nilikimbia kwa mama nesi kwanza, alikuwa ametoka zamu. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakushangaa, hakuuliza mara mbili.

"Nenda wewe, usimwachie polisi. Usimfokee, usimhubirie. Muulize lile swali. Akikujibu, kaa naye. Usimwache hata kidogo mpaka umfikishe kwangu."

Mwenye gereji alinipeleka kwa pikapu yake. Tulipita Nyegezi, vumbi likiingia madirishani. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza gari. Kila nilipoona watu wamesimama kando ya barabara nilikuwa nainuka kwenye kiti. Nilidhani wamesimama kwa ajili yake. Mahali pamoja palikuwa na umati, nikafumba macho, na nilipofumbua nikaona ni ng'ombe aliyekataa kupanda lori. Nilijaribu kusali na sala haikufika mwisho. Nilikuwa nasema Baba yetu, halafu naona uso wa baba yetu wa kwenye kibanda cha nyasi.

Kigongo pantoni ilikuwa imeondoka, iko katikati ya maji. Nilipomwuliza, mwanamke aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga alinielekeza kwa kidevu. "Yule? Yuko pale tangu asubuhi. Pantoni inakuja, inaondoka. Nimempa chai, hakunywa."

Alikuwa amekaa kwenye mawe, mbali na watu, viatu amevivua na kuvipanga sawasawa kando yake. Vile viatu viliniogopesha kuliko maji. Nilimwambia mwenye gereji asubiri kwenye gari, nikaenda polepole, nikakaa upande wa kaka, si karibu sana. Nilijua kwamba nikilia sitaweza kusema, kwa hiyo sikulia.

"Kaka."

"Nani amekuleta?"

"Bosi wako." Nikavuta pumzi. "Kaka, umekuja hapa kufa?"

Nilitegemea anikemee. Nilikuwa nimeshauvuta mguu, tayari kwa chochote. Alitazama maji, akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu, "Sijui. Nadhani ndiyo."

Lakini kitu kilikuwa kimefunguka, nilikiona mabegani mwake. Akaanza kuzungumza, na nilimwacha azungumze. Alisema hasira ikimpata haoni watu, anaona mwanga tu, na mwanga ukishapita anajikuta mwenyewe amesimama kati ya vitu vilivyovunjika. Alisema zamani alikuwa anavunja radio na vikombe. "Sasa nimemvunja mama. Nini kinafuata? Nitakuvunja wewe. Ni bora niondoke kabla."

"Baba mdogo alitaka urushe kile kigoda," nilimwambia. "Nilimwona akijiandaa."

"Najua. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Alikuwa anasema kweli. Nilimwambia tu kwamba nilikuwa nimepita hospitali jana yake, na mama aliuliza kwa nini haji. Aliniambia nimpe ujumbe kwamba mkono mmoja haufungi kanga, na manesi wa pale wanaifunga vibaya, aje yeye aifunge vizuri.

Kaka aliinamisha kichwa. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kando ya njia ya abiria, na wale waliokuwa wanangojea pantoni wakageuka kutazama upande mwingine, jambo ambalo nawashukuru hadi leo. Sikumgusa mpaka alipomaliza. Kisha nikamsogezea viatu vyake, akavivaa. Ilichukua muda, vidole vilikuwa havimtii. Kwenye pikapu alikaa katikati yetu. Tulipokaribia mjini mwenye gereji akasema, "Kesho gari ya mzee wa mafuta inataka gia boksi. Hakuna mwingine anajua hiyo gari." Kaka akaitikia kwa kichwa.

Natamani ningeweza kusema kwamba hofu iliishia hapo. Ilianza upya kwa namna nyingine. Mama nesi alimpeleka kwa daktari, akapewa dawa za usingizi, akatakiwa kurudi na akawa anarudi. Tuligawana zamu za kuwa naye, mimi, mama nesi na mwenye gereji, bila kumwambia, ingawa alijua. Nikiwa kiwandani nilikuwa nasikia mashine zikiita jina lake. Nikirudi nikakuta mlango umefungwa nilisimama nje kwanza, nikisikiliza, sithubutu kusukuma. Na hasira hazikuisha. Ila alijifunza kutoka, akiona mwanga ule unakuja. Aliondoka katikati ya sentensi, akatembea mpaka ufukweni na kurudi, na mimi nilimfuata kwa mbali nikijifanya nakwenda dukani. Baada ya kurudi nilikuwa namwuliza lile swali tena, hata mama akiwapo. Mara nyingi alijibu hapana. Mara chache alisema, "Leo kidogo," na siku hizo hatukumwacha peke yake.

Mama hakurudi kijijini. Mkono wake ulipona ukiwa umepinda kidogo. Baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo, akataka kaka atengwe kama mtu hatari, na wengi wakakubaliana naye. Nilihudhuria. Alizungumza vizuri, kwa huzuni, bila kupandisha sauti, na nilipomtazama nilishikwa na baridi, kwa sababu nilijua kwamba usiku ule, kama usiku wote, atalala. Aliishi miaka mingi. Aliharibu maisha ya watu zaidi ya mmoja na hakuna siku aliyokaa juu ya jabali na chai ikapoa. Watu walipomlilia walisema tumempoteza mtu wa amani.

Kaka alioa tena, mwanamke wa Ukerewe mwenye maneno mengi na moyo usiotishika upesi. Walipata watoto. Mimi niliolewa nikahamia Shinyanga, na kila mtu aliyekuja kutoka Mwanza nilimtazama usoni kabla hajaketi.

Miaka mingi baadaye, nywele zangu zikiwa nyeupe, mpwa wangu, mtoto wa kaka, alikuja nyumbani bila taarifa. Alipiga goti, akasema shikamoo shangazi, na sauti yake ilinijulisha. Nilimshika mabega nikamwuliza jambo moja tu.

"Amekufaje?"

"Moyo, shangazi. Alikuwa kitandani hospitali, sote tulikuwepo. Alimaliza uji, akasema anapumzika."

Nilimwuliza tena, akanieleza tena, uji, kitanda, mchana, wote wakiwapo. Ndipo nikakaa chini. Nililia kwa uchungu wa kumpoteza, na ndani ya kilio kile kulikuwa na kitu ambacho mpwa wangu hakukielewa, akadhani nimechanganyikiwa, maana nilikuwa nasema asante.